Mizani ya sonara haisomi historia ya sarafu

Wako watu wasemao kwamba dhahabu ni dhahabu tu, na kwamba anayenunua sarafu kongwe kwa bei inayozidi thamani ya madini yaliyomo ni mpumbavu aliyelewa mali. Mimi sikubaliani nao. Tena naona kwamba fikra hiyo inaweza kutupotezea sehemu ya historia yetu bila ya sisi wenyewe kutambua.

Hebu tuitazame sarafu ya rupia 15 iliyofuliwa Tabora mwaka 1916. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimepamba moto, na manowari za Waingereza zilikuwa zimeziba pwani ya koloni la Wajerumani, hata sarafu kutoka Ulaya zikawa haba. Wajerumani wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, wakaipeleka katika karakana ya reli mjini Tabora, na humo wakafua sarafu zipatazo 16,000, zenye picha ya tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji, na sarafu hizo hazikufuliwa tena.

Uzito wake ni gramu saba na ushei, na robo tatu tu ndiyo dhahabu safi. Sonara akiletewa sarafu hiyo ataipima, atalipa gramu tano na kidogo za dhahabu, kisha ataiyeyusha awafulie maarusi pete. Lakini ikiwa haijachakaa, wakusanyaji wa sarafu huinunua kwa bei iliyo mara kadhaa ya dhahabu hiyo. Je, hao wamerukwa na akili?

La hasha! Kwanza, wananunua uadimu. Krugerrand ya Afrika Kusini, iliyoanza kufuliwa mwaka 1967, ina wakia nzima ya dhahabu safi. Lakini kwa kuwa zimetolewa kwa mamilioni, bei ya zile za kawaida huizidi ya dhahabu yake kwa kiasi kidogo tu. Pili, wananunua hali ya sarafu yenyewe. Anayeisugua kwa majivu na ndimu ili ing'ae huifuta thamani kwa mikono yake. Tatu, wananunua kisa chake.

Mfano mkubwa ni sarafu ya Marekani ya dola 20 ya mwaka 1933. Zilifuliwa 445,500, lakini Rais Franklin Roosevelt alikuwa amekwisha kupiga marufuku raia kujilimbikizia dhahabu, na mwaka 1937 karibu zote zikayeyushwa. Moja iliyowahi kuwa mali ya Mfalme Farouk wa Misri iliuzwa kwa mnada mjini New York mwaka 2021, kwa dola zinazokaribia milioni 19. Dhahabu iliyomo ilikuwa na thamani isiyofika dola 2,000 wakati huo. Iliyopandisha bei ni kwamba ndiyo pekee iliyoruhusiwa kisheria kumilikiwa na mtu binafsi.

Hata hivyo, sisemi kwamba mwalimu autoe mshahara wake akanunue sarafu. Bei ya dhahabu hujulikana ulimwenguni kila siku, lakini ile ziada inayolipiwa uadimu na kisa hutegemea mapenzi ya wanunuzi, na mapenzi hugeuka. Fauka ya hayo, palipo na faida kubwa hapakosi waghushi. Asiyeijua sarafu na aitafute kwanza elimu yake.

Ninachosisitiza ni kuwa kitu kinaweza kuwa na thamani mbili: ile ya mizani na ile ya kumbukumbu. Sarafu ya Tabora ikiyeyushwa, dhahabu haipotei hata chembe, lakini ushahidi wa mgodi, karakana na vita vile hutoweka, wala hapana fundi awezaye kuurudisha. Kwa hiyo nawasihi walimu wa Historia wawafunze vijana kuuliza kuhusu sarafu zilizofichwa sandukuni na mababu zao, za dhahabu au za shaba. Wasizisugue, na wazionyeshe kwanza kwa wataalamu wa makavazi kabla ya kuzifikisha kwa sonara.