Kinga ya utumbo humtambuaje adui?

Katika mtaa wa Kingsview Village, magharibi mwa Toronto, familia nyingi za Kisomali zimeishi kwenye maghorofa ya barabara ya Dixon tangu zilipokimbia vita vya nchini mwao. Wazazi waliepuka risasi. Watoto wao wanakabiliwa na hatari isiyozungumzwa sana nyumbani: uvimbe sugu wa utumbo, ukiwemo ugonjwa wa Crohn, ambapo kinga ya mwili huudhuru utumbo wenyewe.

Utafiti wa jimbo la Ontario uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa wahamiaji hupatwa na maradhi haya kwa uchache kuliko wenyeji. Hata hivyo, kadiri mtu alivyohamia akiwa mdogo ndivyo hatari ilivyozidi, na watoto wa wahamiaji kutoka Afrika kusini mwa Sahara walikuwa na hatari sawa na watoto wa wenyeji.

Chembe za urithi hazibadiliki kwa kupanda ndege. Basi ni nini kinachoichanganya kinga?

Mwaka 1984, katika jiji hilo hilo la Toronto, Tak Mak na wenzake walitambua jeni ya kipokezi cha seli T za binadamu, chombo ambacho kwacho seli hizo hutambua kilicho kigeni. Nyingi husubiri kuonyeshwa kipande cha protini ya mvamizi.

Lakini katika utando wa utumbo wamo walinzi wa aina nyingine, seli T za gamma-delta. Wanasayansi wa London walieleza mwaka 2016 kwamba wengi wao huitikia protini za utando wenyewe, BTNL3 na BTNL8. Ni mlinzi anayeanza kwa kuwajua wenye nyumba.

Mwaka 2023 ilielezwa kuwa mawasiliano hayo huvurugika kwa wagonjwa. Wenye kasoro ya kurithi katika protini hizo hawakuugua Crohn zaidi ya wengine, ila walipougua, ugonjwa ulikuwa mkali zaidi. Kasoro hiyo, basi, haielezi chanzo. Wanaoshukiwa ni chakula, dawa za antibiotiki utotoni na bakteria wa tumboni.

Mzazi aliyekulia Mogadishu, aonapo damu katika choo cha mwanawe, hufikiria amiba kwanza, na kwao alikuwa na sababu. Huko Toronto, damu hiyo ikiendelea kwa majuma na mtoto akikonda, daktari aulizwe pia kuhusu Crohn.