Reli Ipitapo, Kiu Ibakipo

Aghalabu takwimu za ukuaji wa uchumi husomwa kana kwamba nchi nzima ni shamba moja linyeshewalo mvua sawasawa. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 ulielekeza rasilimali kwenye maeneo yenye ardhi nzuri na mvua ya kutosha, kwa matumaini kwamba faida ingewafikia wengine baadaye. Kitui na Makueni zikawa miongoni mwa hao wa baadaye. Tangu 2017 reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi hupita Kibwezi na Emali; mizigo huenda zake, na mwanamke mwenye mtungi bado hufukua mchanga wa mto mkavu kutafuta maji. (Mtungi wenyewe siku hizi ni wa plastiki, pengine hayo nayo huitwa maendeleo.)

Ukuaji haupuuziki, ila hauna budi kumpitia binadamu. Mwaka 2016 Kaunti ya Makueni ilianzisha mpango wa matibabu ambapo kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka. Familia ambayo ingeuza ng'ombe ili mgonjwa atibiwe ilibaki na ng'ombe, maziwa na karo ya mtoto. Huo pia ni uchumi, ijapokuwa hauonekani upesi katika pato la taifa.

Kitui nako, makaa ya mawe ya Bonde la Mui yamezungumziwa kwa miaka mingi, hasa kwa lugha ya tani na megawati. Swali la wakazi, yaani watahamishiwa wapi na watachota maji wapi, ndilo lililostahili kujibiwa kwanza.