Kabati la Wageni na Sahani za Watoto

Ndugu Waislamu, katika nyumba zetu nyingi limo kabati la vioo lenye sahani za kaure na bilauri zing'aazo, zisizotoka ila siku ya Idi au ya posa. Siku zilizobaki watoto hupakuliwa katika sahani za plastiki zilizopasuka.

Hatusemi mgeni asikirimiwe. Kumkirimu ni katika imani. Lakini Mtume (S.A.W.) ametufundisha pia kwamba mbora wetu ni aliye mbora kwa ahali zake.

Tulichokatazwa wazi ni kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha, kama alivyopokea Hudhaifa (R.A.) katika Bukhari na Muslim. Udongo, kaure, kioo na mti ni halali, maadamu ni safi.

Basi anayenunua na achague sahani imara, nyeupe, ambazo ikivunjika moja hupatikana ya kufanana nayo; zitamfaa mgeni na mwenyeji. Aongeze sinia moja kubwa, kwani tumehimizwa kukusanyika juu ya chakula ili kitiwe baraka. Kukopa ili kujaza kabati ni kujidhulumu.

Leo Ijumaa, tulifungue kabati hilo, tuwapakulie watoto wetu. Wabillahi tawfiq.