Mwezi, Jua na Maji ya Katuma



Kila ufikapo mwezi wa Oktoba, mazungumzo ya baada ya ibada katika vigango vyetu hugeukia mvua. Mmoja huitazama hilali ya jioni na kusema kwamba mwaka huu mwezi umelala chali, basi umeshika maji yake. Mwingine, ambaye amesoma mahali fulani, hueleza kwamba jua nalo lina mzunguko wa miaka kumi na mmoja, na kwamba ukame hufuata mzunguko huo. Wa tatu hufunga mazungumzo kwa kusema: ni mizunguko tu, ilikuwapo tangu zamani, itapita. Tunaandika kwa sababu ya neno la huyu wa tatu. Maneno ya wale wawili yana ujuzi ndani yake, nasi tutayapima kwa heshima. Lakini hili la mwisho limeanza kutumika kama blanketi la kufunikia jambo ambalo tume ya haki na amani haiwezi kulinyamazia.

Tuanze na mwezi. Miezi kumi na miwili ya mwandamo hufanya siku 354, yaani pungufu ya mwaka wa jua kwa siku kumi na moja hivi. Mkulima anayehesabu kwa mwezi peke yake, baada ya miaka michache tu, angejikuta anapanda kiangazi. Ndiyo maana waliohesabu hivyo walisahihisha hesabu zao kwa kutazama pia vitu vingine: nyota za kilimia, ambazo jina lake lenyewe linatokana na kulima, na miti ya miombo inayochipua majani mekundu kabla ya tone la kwanza kuanguka. Hata kule kulala chali kwa hilali si ushirikina mtupu. Mlalo wake hubadilika kwa majira, ukarudi karibu vilevile mwaka unaofuata. Mzee anayeutazama anasoma kalenda iliyotundikwa mbinguni. Kosa huingia pale tunapodhani kwamba kalenda ndiyo inayoleta mvua. Kanisa lenyewe hupanga Pasaka kwa mwezi mpevu, nayo huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, wakati mvua zetu zinapoelekea ukingoni. Wala hatujasikia paroko anayeahidi mahindi mengi kwa kuwa Pasaka imechelewa.

Je, mwezi hauna nguvu yoyote juu ya mvua? Unayo, lakini ni ndogo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, waliochunguza vipimo vya setilaiti vya miaka kumi na mitano, walionyesha kwamba mwezi huivuta hewa kama uivutavyo bahari, na kwamba mvua hubadilika kidogo kwa sababu hiyo. Badiliko hilo ni kama asilimia moja. Hakuna jembe linaloweza kuitambua asilimia moja. Upo pia mzunguko mrefu zaidi, wa miaka 18.6, ambamo njia ya mwezi angani hupanuka na kusinyaa; mara ya mwisho ilifikia upana wake wote katika miaka ya 2024 na 2025. Mzunguko huu hugusa kujaa na kupwa kwa bahari, na wapo wataalamu waliojaribu kuutafuta katika historia ya ukame. Wamebishana hadi leo.

Habari ya jua ina mvuto zaidi, kwa maana ilianzia kwa jirani yetu, Ziwa Viktoria. Vipimo vya kina cha ziwa hilo vilianza mwaka 1896. Mwaka 1923 Mwingereza C. E. P. Brooks alionyesha kwamba tangu vipimo vianze, ziwa lilikuwa likipanda na kushuka sambamba na madoa meusi yanayoonekana juu ya uso wa jua. Ilionekana kana kwamba ufunguo wa mvua za Afrika ya Mashariki umepatikana. Muongo ule ulipokwisha, ulinganifu ukavunjika, na wengi wakauacha kama bahati tu. Mwaka 2007 Curt Stager na wenzake walilirudia suala hilo. Waliona kwamba katika karne ya ishirini mvua kubwa zilitangulia kilele cha madoa kwa mwaka mmoja hivi, wakatazamia mvua nyingi kuelekea kilele kilichotarajiwa 2011 au 2012. Jua likachelewa, kilele kikaja 2014. Na mwaka 2011, badala ya mafuriko, ukame uliikumba Pembe ya Afrika na njaa ikatangazwa Somalia.

Tazameni pia miaka ambayo wazee wetu bado wanaisimulia. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961 chini ya mvua zisizo za kawaida, na kufikia 1964 Ziwa Viktoria lilikuwa limepanda takriban mita mbili na nusu. Wakati huohuo madoa ya jua yalikuwa yakipungua, na mwaka 1964 yakafika chini kabisa. Mei 2020 ziwa likaivunja rekodi ile, jua likiwa limetoka tu kwenye kina chake. Mei 2024 likaivunja tena, safari hii jua likikaribia kilele. Rekodi moja imeangukia jua hafifu, ya pili jua kali. Na matope ya Ziwa Naivasha huko Kenya, yaliyochunguzwa na kuchapishwa mwaka 2000, yanazidi kututatiza: yanaonyesha kwamba kati ya 1645 na 1715, madoa yalipokuwa karibu kutoweka, ziwa hilo lilijaa. Naivasha hupenda jua hafifu, na Viktoria ya Brooks ilipenda jua kali! Ushuhuda wa aina hii haukubaliki hata katika baraza la kata.

Kati ya kilele na kina cha mzunguko wake, nguvu ya jua hubadilika kwa sehemu moja tu katika elfu. Miaka ile ya mvua kubwa, 1961, 1997 na 2019, Bahari ya Hindi ilipata joto isivyo kawaida upande wa Afrika, na pepo zikaja zimebeba maji. Tena katika miongo hii ya karibuni dunia imezidi kupata joto, hali jua halijaongeza nguvu yake. Hatuwezi kulitwika jua mzigo huo.

Hata hivyo tusije tukaeleweka kwamba mbingu hazitawali hali ya hewa. Huitawala, ila kwa mwendo ambao hakuna ukoo unaoweza kuukumbuka. Mhimili wa dunia huyumba kama pia inayozunguka, na kwa muda wa miaka elfu ishirini na zaidi hubadilisha majira ambayo jua hutuchoma zaidi. Kwa sababu hiyo, miaka elfu kumi hivi iliyopita, Afrika yetu ilikuwa na mvua nyingi kuliko leo. Ziwa Rukwa lilikuwa juu ya usawa wa sasa kwa zaidi ya mita 150, likamwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika kwa kupitia bonde la Karema. Anayetoka Mpanda kwenda Karema leo anaingia katika njia ya mto uliokauka kabla ya historia kuandikwa. Huo ndio mzunguko wa kweli, nao haukauki kati ya mavuno na mavuno.

Karema hiyohiyo inatufundisha jambo la pili. Wabelgiji walipojenga kituo chao pale mwaka 1879, walijenga karibu na maji. Miaka michache baadaye maji yalikuwa mbali. Jua halikuhusika. Upande wa Kongo, mto Lukuga, uliokuwa umezibwa kwa mchanga na mimea, ulikuwa umefunguka mwaka uliotangulia, na kwa miaka kumi na mitano hivi ziwa lilishuka karibu mita kumi. Basi kabla ya kuuliza mbingu zimefanya nini, ni vema kuuliza maji yamepitia wapi.

Na sasa tuuulize hivyo mto Katuma. Unashuka kutoka milima iliyo juu ya Mpanda, unapita mashamba ya mpunga ya Mwamkulu, unafika Sitalike, unalisha maziwa ya Katavi na Chada ndani ya hifadhi, kisha kwa jina la Kavuu unawafikia watu wa Mpimbwe na kuishia Rukwa. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Mto unaovuka kiangazi unavuka kwa akiba ya milima na vinamasi. Mwaka 2010 watafiti wa maji waliandika kwamba akiba hiyo inachukuliwa juu: matuta na mabanio ya umwagiliaji yameugeuza mto, na chini yake kumebaki mchanga. Viboko hubanana matopeni, wengine hufa, na watalii hupiga picha. Akina mama wa chini wanaochimba visima mchangani hawapigwi picha.

Hatusemi hivi ili kumlaani mkulima wa mpunga. Wengi wao ni waamini wenzetu, na banio la magunia ya mchanga ni ada ya shule ya mtoto. Wala hatumlaani mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake, ambaye kila kiangazi huwa wa kwanza kushitakiwa. Miti inayokaushia tumbaku nayo inatoka kwenye vilima vilevile vinavyotunza maji, na hiyo ina wanunuzi wasioishi hapa. Sheria ya mwaka 2009 inadai kibali kwa anayechepusha maji, na inaruhusu watumiaji wa mto mmoja kuunda jumuiya yao. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kando ya mto. Swali la haki ni hili: nani ana kibali, nani hana, na nani aliyekuwapo mezani maji yalipogawanywa? Anayejibu kwamba ni mzunguko wa jua amemwondolea kila mmoja wajibu wa kujibu, na aliye chini kabisa ya mto ndiye anayelipa.

Kwa hiyo tunayaomba mambo mawili, yote yawe tayari kabla ya mvua za kwanza. Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania usomwe baada ya ibada katika kila kigango, polepole, kwa lugha ya mbegu na tarehe za kupanda, na wazee wanaosoma hilali na kilimia waalikwe kueleza nao wanaona nini. Tumegundua kwamba mikutano ya namna hiyo huwa mirefu, na watu hawaondoki. Pili, kila jumuiya ndogondogo iliyo kando ya Katuma na Kavuu itembee kipande chake cha mto, wakulima na wafugaji pamoja, ihesabu mabanio na kuandika ni lipi lina kibali. Daftari hilo lipelekwe kwa serikali ya kijiji, nakala moja ipelekwe kwa jirani wa juu na nyingine kwa jirani wa chini.