Ndege Haulizi Nani Alichimba Bwawa

Wasee, ukimwaga maji chooni leo hapa Nairobi, kuna uwezekano mkubwa yanaishia Ruai, kwa yale mabwawa ya majitaka ya Dandora. Kazi kubwa pale inafanywa na jua, mwani na bakteria, bwawa moja hadi lingine, kisha maji yanaingia Mto Nairobi. Na juu ya hayo maji? Bata, kwarara, na vitwitwi waliotoroka baridi ya Ulaya na Asia. Kuna watu hufunga safari na darubini kuwaona.

Halafu mtu ananiambia, "Hayo si mazingira ya kweli, ni uchafu tu." Buda, ndege anataka maji ya kina kifupi, matope yenye wadudu, na amani. Basi. Ukizoea kusema hiyo ardhi ni bure, unamfungulia mnyakuzi geti.

Lakini pia msitudanganye upande wa pili. Eti tufukie kinamasi cha asili, mtatuchimbia kingine? Nairobi Dam ilijengwa 1953. Miaka mingi sasa imemezwa na gugumaji na taka. Kuchimba ni mara moja, kutunza ni kila siku, na hiyo ya kila siku ndiyo hutushinda.

Kwa hivyo: vya asili visiguswe, na vya kuchimbwa viandikwe kwa ramani kama makazi ya ndege, si ploti zinazongoja mnunuzi. Mimi niliacha chuo, lakini hii hesabu haihitaji digrii.