Mulongwe: Mamba mwenye mwili wa kiboko aendelee kutengenezwa, ila aandikwe jina lake

Telefone moja na programu ya bure vinatosha leo kwa kijana wa Mulongwe kuchukua kichwa cha mamba, kukipachika juu ya mwili wa kiboko, na kutoa mnyama ambaye Mungu hakumuumba. Kazi hiyo si mpya. Photoshop, iliyobuniwa na ndugu wawili Wamarekani, Thomas na John Knoll, iliingia sokoni mwaka 1990. GIMP, ambayo mtu haitolei hata franka moja, ilifuata mwaka 1996. Siku hizi kuna pia akili bandia: unaandika maneno matano, foto inajitunga yenyewe. Swali la wakaaji wa Uvira ni lingine. Mnyama huyo akiisha kuingia kwenye makundi ya WhatsApp bila alama yoyote, nani atabeba matokeo yake?

Mtu wa Paris akimwona atacheka na kupita. Mama wa Mulongwe hawezi kupita hivyo, maana ni yeye anayeshuka ziwani na bidoni asubuhi. Hapa maji si hadithi. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulitoka kwenye njia yake ukaua makumi ya watu na kubomoa nyumba nyingi. Miaka iliyofuata ziwa Tanganyika nalo likapanda, likafuata watu mpaka mlangoni. Pale ambapo zamani palikuwa mchanga, leo kuna maji, na kwenye maji kuna viboko na mamba wa kweli. Ukimtupia mtu wa namna hii foto ya mnyama wa kutisha ukimwambia kwamba ameonekana jana jioni pwani, hana sababu ya kukataa.

Kuna wanaosema: hata akiogopa, si vizuri? Ataacha kukaribia maji. Hoja hiyo inaonekana ya busara, lakini haisimami. Kiboko na mamba hawakwepwi kwa njia moja. Kiboko hula majani. Hutoka majini giza likiingia kwenda malishoni, na anaua hasa yule anayejikuta kati yake na maji, au karibu na mtoto wake. Mamba ni kinyume: anangoja amelala kimya majini, pembeni kabisa, akimvizia anayeinama kuteka au kufua, na anayerudi kila siku mahali palepale. Kwa kiboko, hatari kubwa iko kwenye njia ya usiku; kwa mamba, iko kwenye ukingo saa yoyote. Sasa mnyama mwenye kichwa cha huyu na mwili wa yule, mtu amkwepe vipi? Foto moja ya mchezo inafuta mafundisho ambayo wazee wa wavuvi wamewapa watoto wao kwa miaka. Na siku ambapo chefu wa kartie atatoa tangazo la kweli juu ya mamba wa kweli, watu watajibu kwamba ni zile za WhatsApp.

Jambo hili limekwisha kutokea duniani kabla ya telefone hizi. Mwaka 2001 ilizunguka foto ya papa akiruka kutoka baharini kumfuata askari anayening'inia kwenye ngazi ya helikopta. Ilisemwa kwamba jarida la National Geographic limeichagua kuwa foto ya mwaka. Jarida lilikana. Zilikuwa foto mbili zilizounganishwa: helikopta ilipigwa picha San Francisco, papa alipigwa picha Afrika Kusini. Watu wengi walikuwa wamekwisha kuituma.

Hapa kwetu ng'ambo kidogo tu, upande wa Burundi, kuna Gustave, yule mamba wa Rusizi aliyepewa jina na Mfaransa Patrice Faye. Alikadiriwa kupita mita 6, lakini hakuna aliyempima kwa sababu hakunaswa kamwe, hata kwa kizimba kikubwa kilichotengenezwa kwa ajili yake. Mwaka 2007 Wamarekani walitoa filamu, Primeval, iliyotokana na habari zake, na mamba wa filamu hiyo ni kazi ya ordinateri. Tangu hapo ukimtafuta Gustave kwenye intaneti unakuta foto za mamba wa kila inchi, zimekuzwa, zimenyooshwa, zote zinaitwa Gustave. Mnyama wa kweli amefunikwa na wa kubuni, na familia zilizopoteza watu wao Rusizi zimebaki ndani ya hadithi ya sinema.

Lakini kukataza si dawa, na yeyote anayefikiri kwamba polisi watazuia vijana kuchezea foto hajawaona vijana. Zaidi ya hayo, kiumbe cha kuchanganya si kigeni kwetu. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa Katanga walimchora sana Mamba Muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki, na watu wakamtundika sebuleni. Wapo walioamini kabisa kwamba anaishi majini na anatoa utajiri. Hata hivyo hakuna aliyekimbia nyumba kwa ajili ya ile picha, kwa kuwa ilijulikana kuwa mkono wa mtu ndio ulioichora, na mara nyingi jina la mchoraji lilikuwa pale chini kwenye kona. Foto haina mkono unaoonekana. Hapo ndipo udanganyifu unapopatia nafasi.

Kwa hiyo afadhali kazi hii ifundishwe wazi, kwenye masomo na kwenye vibanda vya wapiga picha. Anayejua kuunganisha ndiye anayejua kufumua. Kijana aliyejaribu mwenyewe kushona shingo ya mamba kwenye bega la kiboko anajua mahali pa kuangalia: pale magamba yanapokutana na ngozi laini, ukingo huwa na ukungu kidogo, kama umepanguswa kwa kidole. Ataangalia pia kama maji yanarudisha sura ya mnyama mzima au ya nusu tu. Na kivuli. Uvira ina bahati moja katika jambo hili: asubuhi jua linatoka juu ya ziwa, upande wa Burundi, na vivuli vyote vinaelekea milimani, jioni linazama nyuma ya milima na vivuli vinalala kuelekea ziwani. Foto inayosemwa ni ya asubuhi pwani ya Mulongwe, ambamo kivuli cha mnyama kinaelekea majini, mtoto wa miaka kumi anaweza kuikataa. Akili bandia inazidi kuficha makosa haya kila mwezi, ndiyo, lakini haijui jua la Uvira linatokea wapi.

Kuna faida nyingine ya kujua kazi hii, nayo ni kutokataa ya kweli. Mnyama anayejulikana kuliko wote wa inchi yetu anafanana kabisa na foto mbili zilizounganishwa: miguu na matako yana mistari ya punda milia, kichwa na ulimi mrefu ni vya twiga. Wambuti wa Ituri walimjua okapi tangu zamani. Wazungu walipopata vipande vya ngozi yake, vilivyotumwa London na Harry Johnston, Sclater alimwandika mwaka 1901 katika jamii ya farasi na punda. Ni baadaye mwaka huohuo, ngozi nzima na mafuvu vilipofika, ndipo Lankester alimpa jina Okapia, na ikaeleweka kuwa ni ndugu wa twiga. Kilichomaliza ubishi ni mifupa mezani.

Kwa wenye vibanda na wenye makundi ya WhatsApp pale Mulongwe, jambo linaloombwa ni dogo. Neno IMETENGENEZWA liandikwe ndani ya foto yenyewe, katikati ya mwili wa mnyama, si pembeni ambapo mtu atalikata, wala si kwenye maelezo ya chini ambayo hupotea foto ikitumwa mara ya pili. Na msimamizi wa kundi akipokea mnyama asiye na neno hilo, aulize kwanza mambo matatu: nani alimpiga picha, wapi, saa ngapi. Wavuvi wanaorudi na ndagala alfajiri wako pale pwani kila siku, na kuwauliza hakulipiwi hata megabaiti moja.