Chembe za Anga Haziulizi Kitambulisho



Shuleni sisi tulichora atomu. Mwalimu anachora duara ubaoni, nasi tunachora daftarini: protoni na nyutroni katikati, elektroni pembeni. Tukakariri kwa ajili ya mtihani wa UNEB, basi. Hakuna aliyetuambia kwamba pale pale darasani chembe ndogo kuliko atomu zilikuwa zinapita ndani ya miili yetu.

Zinaitwa miuoni. Protoni kutoka anga za mbali zinagonga hewa, kilomita kama 15 juu yetu, na miuoni zinazaliwa. Nyosha mkono, kiganja juu: karibu moja inapita kila sekunde. Haziumi, hazisikiki. Wala hazisimami Salia Musala, pale Koboko ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana, zikaulizwa kitambulisho.

Tunajua mtu atasema: mgao wa chakula umepungua, nyinyi mnataka fizikia ya chembe? Tunamwelewa, njaa tunaijua. Lakini angalia miradi wanayoletewa vijana: cherehani, sabuni, saluni. Ni kazi nzuri, na wengine wetu zinatulisha. Tatizo ni mtu kuamua mapema kwamba akili ya mkimbizi inaishia hapo.

Na hatuombi mashine ya CERN, ile ya kilomita 27 chini ya ardhi. Tunaomba simu moja kwa kila klabu ya sayansi. Kuna programu ya bure inaitwa CREDO, ilianzia Poland. Unafunika kamera kwa utepe mweusi, unalaza simu mezani, unaichaji kwa sola. Chembe ikigonga kamera inaacha doa la mwanga, na rekodi inaenda kwa watafiti. Kamera ni ndogo kuliko ukucha, kwa hiyo lazima kusubiri. Tena si kila doa ni miuoni. Mengine yanatokana na mionzi ya asili ya mawe na udongo. Kuyatofautisha ndiyo utafiti wenyewe, na hapo hakuna jibu la kukariri. Doa lililonaswa Rhino Camp lina thamani sawa na lililonaswa Ulaya.

Si mambo ya mbali. Mwaka 2016 Shule ya Fizikia ya Afrika ilifanyika Kigali, na huwa inawafikia hata wanafunzi wa sekondari. Mtaala wa sekondari ulioanza Uganda mwaka 2020 nao unataka mwanafunzi afanye miradi. Mlango uko wazi.

Basi, wenzetu wa mashirika, mkikaa kupanga bajeti ya elimu ya Lobule, Imvepi na Rhino Camp, ongezeni mstari mmoja: simu, sola, na siku mbili za kuwafundisha walimu. Sisi tuliomaliza S4 tutakaa na hizo klabu jioni. Kuhesabiwa tumezoea. Safari hii tunataka tuhesabu sisi.